Pikipiki Iliyomtangaza Katibu

Asubuhi hii bodaboda mmoja amepita mbele ya nyumba yangu hapa Bukoba, ekzosi yake ikipasuka pa, pa-pa, na majirani wakatoka nje kumtukana. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Binti yangu aliniuliza kulikoni, nikashindwa kumweleza, kwa sababu ningelazimika kumweleza kwanza habari za chuki, na watoto wa siku hizi hawajui kuchukia vizuri. Wanachukia kwa wiki moja, kisha wanasahau walichokasirikia. Nyinyi wa rika langu, mliokulia kwenye vibanja vya migomba huko Muleba wakati wa ujamaa, mtanielewa. Basi nawaeleza nyinyi.

Baba yangu alikuwa fundi wa pikipiki pale Izigo. Ufundi aliupata misheni ya Kashozi, alikokuwa akitengeneza pikipiki za mapadre akiwa kijana, na aliporudi nyumbani akaufanya uwanja wetu kuwa gereji. Upande mmoja mama alianika kahawa kwenye mikeka, upande wa pili baba alitandaza gunia na kupanga spana zake juu yake. Mpaka leo nikinusa petroli na kahawa mbichi kwa pamoja, naona miguu ya baba imekunjwa chini ya pikipiki ya mtu, naye akinong'ona na injini kwa Kihaya. Nilikuwa msichana mdogo, bado sijapokea Komunyo ya Kwanza, na niliamini kwamba hakuna kitu duniani kilichoharibika ambacho baba hawezi kukitengeneza.

Mtu aliyenifundisha kuchukia alikuwa katibu kata wetu. Sitamtaja jina. Si kwamba namheshimu, ila sitaki jina lake likae karibu na jina la baba yangu. Ofisi yake ilikuwa Kagoma, na serikali ilimpa pikipiki yenye tanki jekundu. Barabara ya kuingia kijijini kwetu ni mteremko mrefu wenye kona moja kubwa, na yeye alikuwa na mchezo wake. Akifika juu kabisa anazima injini, anaiachia pikipiki iteremke yenyewe kimya, na watu wanashtukia tu amesimama uwanjani mwao. Ndivyo alivyowakamata waliochelewa shamba la kijiji, na ndivyo alivyowakamata waliokamua pombe, maana ilikuwa marufuku kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka shamba la kijiji limalizike kulimwa.

Mwaka ule kaka yangu Mujuni alitaka kuoa binti wa Kashozi. Kwetu posa isiyokuwa na rubisi haisikilizwi, na rubisi yenyewe iwe imekamuliwa na nyumba inayoposa, ndani ya mtumbwi wake. Nasema mtumbwi, lakini si wa ziwani. Ni gogo lililochongwa likawa na tumbo, ambamo wanaume huzivunja ndizi mbivu kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake yote. Wa kwetu aliuchonga babu kwa mikono yake. Ulikuwa umekaa kibanjani tangu kabla baba hajazaliwa, ukawa mweusi na laini kwa ndani kwa ajili ya miguu ya watu wengi ambao sikuwahi kuwaona.

Baba hakujificha. Alikwenda Kagoma mwenyewe kuomba ruhusa, na katibu akamjibu mbele ya watu, "Kamua tu, Ta Anselmi. Harusi ni harusi." Baba akarudi amefurahi, akakata ndizi, akazivundika mpaka zikaiva. Siku ya kukamua, yeye na Mujuni wakiwa ndani ya mtumbwi, suruali zimekunjwa hadi mapajani, tuliona tanki jekundu limesimama kwenye lango la kibanja. Hatukusikia kitu. Nyuma ya katibu alikaa mgeni wa kutoka wilayani, aliyevaa miwani, na nilipouona uso wa katibu nilijua kwamba leo atajifanya hatujui.

"Huu ndio uzembe tunaoupiga vita," alimwambia mgeni wake.

"Katibu, wewe ndiye uliyeniambia," baba alisema.

"Mimi nilikwambia nini?"

Baba alimtazama, kisha akamtazama mgeni. Katibu alichukua shoka letu, lile la kuni za mama, akaupasua mtumbwi wa babu. Ulikuwa mgumu, ikamchukua muda, na jasho lilimtoka. Maji ya ndizi yalitiririka mpaka kwenye mibuni na nzi wakajaa. Mimi nilisubiri baba ampige. Nilisubiri kwa moyo wangu wote. Alichofanya baba ni kukunjua suruali yake, mguu mmoja kisha wa pili, huku juisi ikimdondoka vidoleni. Katibu akamwambia mama kwamba vile vipande vitafaa kwa kuni. Mama aliviokota kimoja kimoja, akavipanga nyuma ya nyumba, na hakupikia hata kimoja.

Baba na Mujuni walikwenda Kashozi na mbuzi na asali, wakaomba radhi. Baba wa binti hakuwafukuza. Aliwaambia kwa upole kwamba asiyekamua rubisi hajaposa, kwamba wapo wengine wanaoulizia, na kwamba atawasubiri hadi Kwaresima ikaribie, basi. Mujuni alirudi akaacha kula vizuri. Baba alichagua mti, wakauangusha mbali na barabara, wakaanza kuchonga mtumbwi mwingine kwa kificho, na kila mtu nyumbani alijua kwamba huu nao ukipasuliwa, binti yule ataolewa kwingine.

Katikati ya mambo hayo, katibu alikuja kwetu akisukuma pikipiki. Ilikuwa inakohoa, inawaka na kuzimika, haina nguvu ya kupanda hata kilima cha kanisa. Alisema, "Ta Anselmi, niangalizie," kana kwamba hajawahi kuukanyaga uwanja ule akiwa na shoka. Na baba, jamani, baba akajibu, "Karibu, Katibu."

Nilikaa kwenye ngazi nikimwangalia anavyomhudumia. Alipiga kiki, akasikiliza ameinamisha kichwa. Alifungua plagi, ikatoka nyeusi imejaa masizi, akaisugua kwa brashi na petroli mpaka ikang'aa. Alifungua kabureta, akamwaga maji na uchafu uliotoka kwenye pipa la mafuta la Kagoma, akakivuvia kwa mdomo kile kitundu chembamba ambamo petroli hupita. Akasugua platini, zile za kuwashia cheche, kwa msasa, akapima nafasi yake, akafumba jicho moja. Mwisho akafungua ekzosi pale inapoungana na injini, akashughulika hapo kwa muda, akafunga. Pikipiki ikawaka kwa kiki moja na kuunguruma vizuri kabisa. Katibu akacheka, akampiga baba begani, akaondoka. Niliingia ndani nikalia kwa hasira. Nilidhani baba yangu ni mwoga, na lilikuwa ni wazo baya kuliko lile shoka.

Kwa kuwa baba ameshindwa, nikaamua kuifanya kazi mwenyewe. Nilichukua rozari ya mama nikapanda darini, juu ya magunia ya kahawa, na nikamwomba Bikira Maria aiharibu pikipiki ya katibu. Sikuomba mambo madogo. Niliomba ipasuke, naye akiwa juu yake. Na mtakayosikia sasa ni kweli tupu. Safari iliyofuata katibu alipokuwa anashuka ule mteremko, ilitoka sauti ya bunduki, pa! Ng'ombe wa jirani walikimbia. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka alipofika chini. Nilipiga magoti papo hapo kwenye majani ya maharage nikashukuru.

Ila baba akawa ananiangusha. Katibu alimletea pikipiki akilalamika inapiga baruti, baba akaifungua, akasafisha, akafunga, na uwanjani ikaunguruma kimya bila kasoro. Katibu akaenda zake. Baada ya siku chache milio ikaanza tena mteremkoni, naye akarudi tena. Tulikuwa kwenye vita, baba na mimi, na yeye hakujua. Mimi naiharibu kwa rozari, yeye anaitengeneza kwa spana. Niliongeza sala. Nilianza kumtazama baba mezani kwa jicho ambalo leo mtoto wangu akinitazama nalo nitamzaba kofi.

Katibu alijaribu kurudia mchezo wake wa kuzima injini juu ya mlima. Akateremka kimya kweli, lakini alipomaliza kukagua na kutaka kuondoka, pikipiki ikagoma kuwaka. Alipiga kiki mpaka shati likaloa, kisha akaisukuma kupanda kilima mbele ya shule, wakati wa mapumziko, watoto wote tumejipanga kwenye ukingo tukimpa pole kwa sauti za heshima. Baba alimshauri asiizime kamwe ikiwa na moto, aiache iungurume mpaka afike anakokwenda. Katibu akamshukuru kwa ushauri. Tangu siku hiyo hakuizima tena mlimani.

Halafu ikaja jioni moja nilipomkuta baba nyuma ya nyumba, amechubua gome kavu la mgomba, analikata kwa wembe. Alikata duara, akatoboa katikati, ikawa pete. Akaichovya kwenye oili chafu na kuibana kati ya vidole kupima unene wake. Ekzosi ya katibu ilikuwa imelala kando yake imefunguliwa.

"Tata, hiyo ya nini?" nilimuuliza.

"Ya kuziba hapa, ekzosi inapoungana na injini."

"Si itaungua?"

"Itaungua."

"Halafu?"

Aliangalia kama kuna mtu nyuma yangu. "Hapa uwanjani inaziba vizuri, haina neno. Akitembea nayo inaungua kidogo kidogo. Ikiisha, hewa inaingia. Sasa akipunguza mafuta mteremkoni, petroli iliyobaki inakwenda kuwakia ndani ya bomba. Wewe utasikia, mama yako atasikia, na kila mwenye mtumbwi atasikia."

"Na kugoma kuwaka?"

"Vali nimezibana kidogo tu. Ikipata moto akaizima, mpaka ipoe."

Alilisema hilo bila kucheka, kwa sauti ileile ya kumweleza mteja. Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilimwonea huruma kidogo Bikira Maria, kwa kuwa nilikuwa nimempa sifa zote, lakini baba yangu nilimpenda jioni ile mpaka kifua kikaniuma. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa majuma mengi hapakuwa na mtu yeyote kijijini aliyekamatwa. Mlio wa kwanza ulikuwa unatoka kwenye kona kubwa, na mpaka pikipiki ifike chini, pombe zote zimefunikwa, wavivu wote wameshika majembe, na kijiji kizima kinamsalimia katibu kwa adabu. Na yeye alifikiri ametufundisha nidhamu.

Kwaresima ilipokaribia, mtumbwi mpya ulikuwa tayari na ndizi zimeiva. Katibu alikuwa amelalamika kwamba ukarabati wa baba haudumu, kwamba pikipiki inapasuka kabla hata hajatoka Kagoma, na baba, kwa kuogopa asije akaipeleka kwa fundi wa Bukoba, akaweka pete mbili za mgomba, moja juu ya nyingine. Hapo ndipo alipokosea. Asubuhi ya kukamua, baba na Mujuni wakiwa ndani ya mtumbwi, mama alinituma maji, nikapanda mpaka kwenye ile kona kubwa. Nikasikia injini. Inaunguruma chini chini, tamu, haina hata kikohozi. Nikainua kichwa nikaona tanki jekundu linashuka kwa kasi, nalo halisemi kitu.

Nyumbani kulikuwa mbali, nisingeishinda pikipiki kwa miguu. Kupiga kelele angenisikia yeye kwanza. Mimi sikufikiri, nawaambia ukweli. Niliweka kibuyu pembeni, nikaingia katikati ya barabara, nikapiga magoti.

Mnajua kwetu. Mtoto wa kike akimpigia magoti mkubwa, mkubwa anasimama. Hata awe na haraka ya namna gani, hapiti kando ya mtoto aliyepiga magoti akimsalimia. Angesemwa mpaka kwenye kaburi lake. Na katibu, pamoja na siasa zake zote, alikuwa Mhaya aliyelelewa na mama. Nilimwona anashtuka, anakata mafuta yote kwa mara moja, anakanyaga breki. Pete ambayo ilikuwa bado imeshikilia ikashindwa. Pa! Kisha ya pili, kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia, na moshi ukatoka mahali pasipotakiwa. Mlio ule ulivuka bonde ukarudi.

Alisimama hatua chache kutoka kwenye magoti yangu. Nilianza salamu zile ndefu, za kuulizia alivyoamka, na watu wa nyumbani, na mifugo, na nilizitamka pole pole kama tulivyofundishwa, macho chini. Mchanga ulikuwa unanichoma. Sijawahi kumheshimu mtu kwa chuki kubwa namna ile. Yeye akaitikia zote, moja baada ya nyingine, injini ikipasuka chini yake.

"Wewe ni wa Ta Anselmi?"

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Mtoto mwenye adabu. Baba yako yupo?"

"Yupo, waitu."

Alipofika nyumbani, mtumbwi ulikuwa umelala chini ya matandazo ya majani makavu, mama ametupia majani mabichi ya mkaratusi motoni, uwanja mzima unanuka moshi huo. Mujuni alikuwa amekwenda kujitumbukiza kwenye mtaro, ametapakaa tope mpaka magotini ili juisi isionekane. Nilifika mbio na kibuyu kitupu nikamkuta katibu anamtazama.

"Umetoka wapi wewe?"

"Kuzibua mtaro wa shamba la kijiji, Katibu."

"Vizuri. Vijana wangekuwa hivi wote." Mama akampa kahawa ya kutafuna, akatafuna, akaweka mguu wake juu ya lile tuta la matandazo ili afunge kamba ya kiatu, akaondoka. Baba alikaa kwenye gunia lake, akaanza kuzipanga spana upya.

Rubisi ilikwenda Kashozi, ikanywewa, ikasifiwa, na binti akawa wetu. Jumapili baba na Mujuni waliporudi, majirani walijaa uwanjani kumalizia iliyobaki. Tukiwa hapo tukasikia kule konani, pa, pa-pa. Mara hii hakuna aliyeficha kibuyu. Baba alikuwa ameomba hivyo, na watu, wengine wakiwa na hofu, walikaa.

Katibu aliingia, akaona vibuyu, akaona mtumbwi mpya umewekwa wazi. Kabla hajafungua mdomo, baba akamwambia, "Ilete hapa, Katibu. Leo naimaliza." Akaichukua pikipiki mkononi mwake, akaifungua ekzosi mbele ya watu wote, akatoa kipande cheusi cha gome kilichobaki, akamwekea katibu kiganjani. Kisha akatoa mfukoni pete halisi ya shaba, iliyonunuliwa Bukoba, akaifunga. Akalegeza vali. Akapiga kiki, na pikipiki ikawaka kwa sauti ndogo iliyotulia, akaizima ikiwa na moto, akaiwasha tena kwa kiki moja.

Katibu alikuwa anakigeuza kile kipande. Hakuna Mhaya asiyelijua gome la mgomba.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mtumbwi wa baba yangu."

Katibu angeweza kumpeleka baba Kagoma siku hiyohiyo, lakini angekwenda kushtaki nini? Kwamba kwa miezi yote hiyo kijiji kimekuwa kikimsikia anavyokuja, kikafunika pombe, kikampa pole? Wilayani wangemcheka mpaka astaafu. Baba alimwachia muda wa kulifikiria hilo mpaka mwisho.

"Ningeweza kuiacha," baba alisema huku akifuta mikono. "Lakini ungefikiri ni ubovu wa mashine. Nilitaka ujue."

Katibu alipanda pikipiki yake. Alizungusha macho kwa wote, mzee kwa mzee, kila mmoja na kibuyu chake, kisha macho yake yakanifikia mimi, pembeni ya mama. Niliona ameyakumbuka magoti yangu.

"Na wewe," akasema, "siku ile barabarani, ulikuwa unanisalimia kweli?"

Kila mtu alinigeukia. Desturi ilitaka nipige magoti nikijibu.

"Hapana, waitu," nikamjibu, nimesimama.